Shemeji haoni taa zangu za breki, nianzie wapi?

SWALI

Fundi habari za kazi. Mimi msomaji wako wa siku nyingi ila leo ndo nimeamua kuandika maana hili jambo limenishinda na kila ninayemuuliza ana jibu lake. Nina Morris Minor ya 1962, ya milango minne, karibu kila kitu kipo kama ilivyotoka kiwandani, hata betri yake ni ile ya chanya kwenda kwenye bodi. Injini haina shida. Breki nimebadilisha shu zote na sasa zinashika vizuri kabisa, na hapo ndo balaa limeanza, gari inasimama ila wa nyuma yangu hajui kama inasimama.

Juzi tulikuwa tunatoka msibani, mimi mbele shemeji yangu nyuma na gari yake, akakatiza mtu wa baiskeli nikakanyaga. Shemeji kaja kusimama kaacha nafasi ya kupitisha mkono tu. Kashuka anafoka, "we ulibreki saa ngapi? Taa hazijawaka!" Nikamwambia zinawaka, nikarudi ndani nikamkanyagia palepale, akainama akaweka kiganja juu ya taa kuzuia jua ndo akaona. Akasema "hii sio taa, hii ni sigara."

Usiku zinaonekana, ila wananiambia ukiwa na taa ndogo zimewashwa ile tofauti ya nikibreki na nisipobreki ni ndogo sana. Alafu kuna vurugu nyingine, indiketa za nyuma kwenye hii gari ni nyekundu, ni taa ileile ya breki, sasa nikibreki huku nimewasha indiketa wa nyuma anaona mambo asiyoyaelewa.

Fundi mmoja kanishauri niweke balbu za wati kubwa zaidi. Kijana wa vifaa vya umeme kanionyesha LED nyeupe anasema zinaua. Na kuna mzee ana magari ya zamani kama mimi, yeye kasema nisiguse kitu, nikiongeza hata waya mmoja nimeiharibu gari. Mke wangu anasema niuze. Multimita ninayo na kuitumia naweza kiasi. Nianzie wapi?

Mwenye Morris

JIBU

Kaka, pole kwa fujo za shemeji, ingawa yuko sahihi. Nakujibu kwa urefu kidogo kwa sababu hao wote wamekujibu habari za balbu na mimi balbu ndo kitu cha mwisho ninachokishuku hapo.

Angalia, balbu ya gari yako ni ile ya nyuzi mbili, uzi wa wati 21 wa breki na uzi wa wati 5 wa taa ndogo. Ni balbu ambayo magari yaliyokuja miaka mingi baada ya lako yameendelea kuitumia na watu wanaiona mchana kweupe bila kuweka kiganja. Ikipata umeme wake kamili uzi wa breki unatoa lumeni (kipimo cha mwanga) 440 hivi na wa taa ndogo unatoa 35, yaani breki ni zaidi ya mara kumi na mbili. Sasa wewe unaniambia usiku tofauti ni ndogo. Tofauti ya mara kumi na mbili haiwezi kuwa ndogo hata kwa mtu mwenye usingizi, kwa hiyo ama umeme haufiki ama balbu imekaa kinyume.

Anza na hilo la kukaa kinyume maana ni la dakika moja. Toa balbu uangalie vile vipini viwili vya pembeni, utaona kimoja kipo juu kuliko chenzake, wamefanya makusudi ili isiingie ila kwa upande mmoja. Lakini soketi ikishachoka, au akija mtu mwenye haraka na mkono mzito, inaingia hivyohivyo kinyume, na hapo taa ndogo ndo inakula wati 21 na breki inabaki na 5. Mchana ukikanyaga breki inawaka hiyo 5, ndo sigara ya shemeji. Washa taa ndogo peke yake, zima, kanyaga breki peke yake swichi ya injini ikiwa imewashwa (soma kwanza onyo la koili hapo chini), linganisha. Kama taa ndogo ndo kali kuliko breki, umepata jibu na huna haja ya kusoma mpaka mwisho. Na ukishaitoa iangalie kioo chake, kama ndani kimeingia weusi kama moshi hiyo imechoka, weka mpya pande zote mbili.

Kama zimekaa sawa basi tunatafuta umeme uliopotea, na hapa naomba unisikilize vizuri. Balbu ya uzi haipungui mwanga kwa kiasi kilekile volti zinavyopungua, inapungua haraka zaidi ya hapo. Betri ikiwa na volti 12 na kwenye balbu zikafika 10, ukiangalia kwa macho ya hesabu ya kawaida utasema nimepoteza moja ya sita, sio mbaya. Mwanga uliopotea hapo ni karibu nusu. Gari ya miaka sitini ina viungio, fyuzi na swichi kibao kati ya betri na taa ya nyuma na kila kimoja kinakula kidogo kidogo, kupoteza volti mbili ni kitu cha kawaida kabisa na mwenye gari hajui maana taa "inawaka".

Upande wa erthi kwanza. Taa ya nyuma ya hiyo gari inategemea bodi kurudisha umeme, na bodi yenyewe imepakwa rangi, imeshika kutu, imepigwa rangi tena. Chukua waya mrefu, upande mmoja funga kwenye ile tamino ya betri inayoenda kwenye bodi, upande mwingine gusisha kwenye kikombe cha chuma cha taa, pale penye chuma tupu sio kwenye rangi, huku mtu amekanyaga breki. Kama mwanga unaruka ghafla, ugonjwa ni erthi. Dalili nyingine ni kwamba ukiwa na taa ndogo umewasha alafu ukibreki, upande mmoja unafifia badala ya kuongezeka, au indiketa ya kushoto inafanya kitu cha ajabu kulia, huo ni umeme unatafuta njia ya kurudi nyumbani kupitia balbu nyingine. Dawa yake ni kusugua na msasa pale taa inapogusa bodi mpaka chuma king'ae, na mimi huwa naongeza waya mmoja mweusi kutoka kikombe cha kila taa mpaka kwenye boliti safi ndani ya buti. Waya huo hauonekani, hata yule mzee akiinama hatauona.

Alafu upande wa umeme unaokuja. Kabla hujapima chochote, taa za breki za gari yako zinawaka swichi ya injini ikiwa imewashwa tu, na ukiiacha swichi imewashwa injini haijanguruma, kama pointi za distributa zimekaa zimefunga, koili ya kuwashia plagi inachemka na inaweza kufa. Kwa hiyo chomoa ule waya mwembamba wa koili kwanza, ufunge tepu usiguse kitu, ndo uendelee na kazi zako.

Sasa weka mita kwenye volti za DC, ncha moja kwenye tamino ya betri yenye umeme, ambayo kwako ni hasi, ncha nyingine kwenye kiungio cha waya wa breki ndani ya buti karibu kabisa na taa, mtu akanyage breki. Usishangae mita ikisoma namba ndogo, hiyo namba ndogo ndo volti zinazopotea njiani. Ikiwa chini ya 0.5 upo vizuri. Ikiwa 1 na kitu, anza kuisogeza ile ncha ya pili, kiungio kwa kiungio kuelekea mbele ya gari, mpaka uone namba imeshuka ghafla, hapo katikati ndo pana mwizi. Bila shaka utampata kwenye sehemu nne, vishikio vya fyuzi vilivyoota ukijani, vile viungio vya kuchomeka vyenye ncha kama risasi ya bunduki, swichi ya breki yenyewe, au kile kiboksi cha rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, kinachochanganya breki na indiketa. Hicho kiboksi ndo kinachoamua taa nyekundu ya kushoto iwake moja kwa moja kwa breki au iwakewake kwa indiketa, ndani yake kuna pointi zinagusana na kuachana tangu 1962, fikiria zikoje. Unaweza kukifungua na kupitisha karatasi laini yenye dawa ya kusafishia kontakti, taratibu, msasa mkali utazila zote. Viungio vya risasi chomoa, sugua, bana kidogo ile soketi yake ishike kwa nguvu, paka grisi kidogo ya umeme, rudisha.

Kikombe cha taa chenyewe usikisahau. Toa kioo chekundu, tazama ndani, kama pale nyuma ya balbu pamekuwa kijivu au pana kutu basi nusu ya mwanga inaliwa na ukuta. Safisha, paka rangi nyeupe ya kung'aa au ya fedha, ila ziba na tepu zile sehemu za boliti na pale soketi inapogusa chuma, maana ukipaka rangi hapo umeziba erthi uliyotoka kuitengeneza. Kioo cha plastiki kioshe na maji na sabuni ndani na nje, kisha polishi ya plastiki. Petroli na tina weka mbali kabisa, zinaipasua ikawa na nyufa ndogo ndogo zisizotoka.

Mpaka hapa hujanunua kitu cha maana na najua taa zimeshabadilika. Ila kuna jambo lingine ambalo hakuna aliyekutajia, na kwa ile hadithi ya shemeji mimi naliona ndo kubwa kuliko hata mwanga. Yeye alisema taa hazijawaka, na inawezekana kabisa kwamba kwa zile sekunde za mwanzo kweli hazikuwaka.

Swichi yako ya breki haipo kwenye pedeli. Imefungwa kwenye njia ya mafuta ya breki na inasubiri presha ipande ndo iwashe taa. Swichi ikiwa mpya presha ndogo inatosha, ikizeeka inataka ukanyage kwelikweli, maana yake ukigusa breki kistaarabu gari inapunguza mwendo na nyuma kuko giza. Ipime hivi: mtu asimame nyuma, wewe bonyeza pedeli kwa mkono polepole kabisa, akwambie "imewaka" ikiwaka. Kama pedeli imeshakuwa ngumu na unasukuma kwa nguvu ndo anaona mwanga, hiyo swichi ni ya kubadilisha. Na hata mpya zake hazidumu sana, pointi zake ndogo zinabeba umeme wote wa taa mbili, wati 42, ampia tatu na nusu, zinaungua taratibu mpaka zinaanza kuchelewa.

Ninachofanya mimi ni kuiacha hiyo ya mafuta palepale ilipo, huifungui hivyo huna haja ya kutoa hewa kwenye breki, alafu naongeza ya pili ya kuvutwa, ile yenye springi inayotumika kwenye breki ya nyuma ya pikipiki. Unaifunga chini ya sakafu kwa kibati kidogo, springi inashika mkono wa pedeli, waya zake mbili unazifunga sambamba na za ile ya zamani ili yoyote itakayowahi iwashe. Unairekebisha iwake pale tu pedeli inapomaliza ule ulegevu wa mwanzo kabla breki haijaanza kushika. Isikaze sana, maana ukiivuta kupita kiasi taa zitabaki zimewaka muda wote na hapo umemfundisha wa nyuma asiziamini.

Ukifika hapo weka na rilei. Swichi zibaki na kazi ya kuamsha rilei tu, na rilei ndo ipeleke umeme kwenye taa, kwa waya mpya wa milimita za mraba 1.5 kutoka karibu na betri wenye fyuzi yake. Kwa gari yako kuna mtego, rilei nyingine ndani zina daiodi, kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu, na wewe chanya yako ipo kwenye bodi, ukiifunga kama mchoro unavyosema ile daiodi inapiga shoti. Tafuta isiyo na daiodi, mchoro wake umechorwa juu ya boksi lake utaona.

Turudi kwa washauri wako. Wa wati kubwa mwambie asante. Joto litayeyusha kioo chekundu, soketi itakauka na zile waya zinazopoteza volti sasa zitapoteza zaidi kwa sababu unavuta ampia zaidi, yaani unaweza ukaweka balbu ya wati nyingi na usipate mwanga unaoutegemea.

Wa LED ana nusu ya ukweli. LED inawaka papo hapo wakati uzi wa balbu unachukua kama sehemu mbili za kumi za sekunde kufika mwanga wake kamili, na kwa kilomita 80 kwa saa muda huo wa nyuma yako anakuwa ameshasogea zaidi ya mita nne. Hizo sio mita za kudharau. Lakini nyeupe nyuma ya kioo chekundu ni kupoteza, mwanga wake una wekundu kidogo na kioo kinazuia rangi nyingine zote, kinachotoka ni kitu cha pinki kilichofifia. Ukitaka LED weka nyekundu, yenye taa pembeni pia sio kichwani tu, ili mwanga ujaze kikombe. Alafu kwa Morris yako hiyo sio kazi ya kubadilisha balbu ukaondoka. Balbu nyingi za LED zimetengenezwa kwa magari ya hasi kwenye bodi, kwako hazitawaka, itabidi upate zisizochagua upande. Na kwa kuwa breki na indiketa ni taa moja, ile flasha yako ya zamani, kile kidude kinachowakawasha indiketa, inayofanya kazi kwa joto la umeme wa balbu haitausikia umeme mdogo wa LED, indiketa zitagoma, unahitaji flasha ya elektroniki na yenyewe iwe inakubali chanya kwenye bodi. Nchi nyingine pia ukaguzi hauzipendi LED kwenye taa iliyotengenezwa kwa balbu ya uzi, ulizia kwenu kwanza. Kwa hali yako mimi ningezibakiza balbu za uzi zikiwa na umeme kamili, na LED ningeitumia sehemu nyingine.

Sehemu hiyo ni taa ya tatu. Mwaka 1974 kule San Francisco walifanya jaribio, wakafunga taxi taa ya ziada ya breki katikati, na zilizokuwa nayo ziligongwa nyuma pungufu kwa asilimia 60.6. Baadae Marekani wakailazimisha kwa magari madogo mapya kuanzia ya modeli ya 1986, na kila gari lilipokuwa nayo na macho yakaizoea faida ikashuka, hesabu yao ya muda mrefu ni asilimia 4.3. Hata hivyo kwa gari kama lako ambalo taa zake ni ndogo na zipo chini, mimi naihesabu faida yake kuwa kubwa, na sababu ni ile vurugu yako ya indiketa. Ukibreki huku unakata kulia, taa ya kulia inawakawaka na ya kushoto tu ndo imetulia, wa nyuma atajuaje kama ni breki au ni taa ndogo ya upande mmoja? Taa ya tatu haina indiketa. Ikiwaka ni breki, basi.

Nunua ile nyembamba ya LED nyekundu, iweke ndani ya kioo cha nyuma, juu au chini vyovyote ili mradi haikuzuii kuona na haiakisi kwenye kioo cha ndani. Ishikilie kwa kibano au gundi inayotoka, hakuna kutoboa. Boksi lake liwe la plastiki au lisiguse bodi, na waya zake unazigeuza tu kwa kuwa chanya yako ndo bodi. Umeme wake uchukue kabla ya kile kiboksi cha rilei, kwenye waya unaotoka swichi ya breki, kama waya zako ni za asili ni wa kijani wenye mstari wa zambarau. Ukiuchukua nyuma, kwenye waya wa taa ya kulia au kushoto, taa ya tatu nayo itawakawaka na indiketa na utakuwa umeongeza vurugu badala ya kuipunguza. Na usikubali kuuziwa kile kifaa cha kufanya taa ya breki iwakewake kabla ya kutulia, kwenye gari ambayo indiketa yake ni nyekundu kinamchanganya mtu kabisa na sehemu nyingi hakiruhusiwi.

Huyo mzee wa "usiguse kitu" namheshimu, ila kusafisha erthi sio kubadilisha gari, ni kuirudisha ilivyokuwa siku inatoka kiwandani. Kule ilikotengenezwa, Uingereza, gari lililoanza kutumika kabla ya 1971 sheria inalidai taa moja tu ya breki, kwa hiyo hata wenyewe wanajua viwango vya zamani vilikuwa vidogo, ni barabara na mwendo wa watu ndo vimebadilika. Vyote nilivyokwambia uongeze, swichi, rilei na taa ya katikati, vinatoka kwa bisibisi na spana siku ukitaka kuipeleka kwenye maonyesho. Vifaa vya asili viweke kwenye mfuko na uandike juu yake ni vya nini.

Anza na balbu na erthi wikiendi hii, vingine vitafuata. Ukimaliza kusafisha viungio vyote na mita bado inaonyesha zaidi ya volti 1 inapotea, niandikie, ila uniambie ulipima kutoka wapi mpaka wapi na taa ikiwa imewaka, maana vipimo vya taa ikiwa imezima havitanisaidia kitu.

Fundi